Hodi Mara Tatu

Pwani huwezi kumpita mtu bila salamu. Ukimpita mzee kimya, habari itafika kwenu kabla yako: "Yule binti yenu siku hizi ana nini? Kanipita kama jiwe." Mimi nimelelewa Galu, na kabla sijajua kufunga kamba za viatu nilikuwa najua shikamoo anapewa nani, salaam aleikum inajibiwa vipi, na kwamba ukiulizwa habari za nyumbani unasema "njema" hata kama nyumbani kunawaka moto. Salamu kwetu ni deni. Ukisalimiwa, unalipa.

Ndiyo maana wanaume wa njiani huanza na salamu.

"Mambo, mrembo." "Dada, salamu ni ya Mungu, jibu basi." "Salaam aleikum, mtoto mzuri." Wapo pia wasio na habari na maneno, wao ni "ssss!" tu, kama wanaita paka. Hao ni rahisi, kwa sababu mimi si paka. Kazi iko kwa wenye salamu. Usipojibu, una maringo, huna adabu, dini imekupita kando. Ukijibu, umefungua mlango. Unaitwa nani? Unakaa wapi? Mbona unakimbia? Nipe namba basi. Una bwana? Bwana gani huyo anakuacha utembee peke yako? Na maswali yote hayo anayauliza huku anatembea nyuma yako.

Nimeifikiria sana hii salamu, nikaipa jina: salamu yenye mkia. Salamu ya kawaida ina mwisho. Hujambo, sijambo. Shikamoo, marahaba. Umetoa, imerudi, kila mtu na njia yake. Ile nyingine haina mwisho, jibu lako ndilo mwanzo wake. Kuna mzee anauza madafu karibu na kwetu. Kila asubuhi ananiuliza, "Umeamka salama, mwanangu?" na sijawahi kumwona akinyanyuka kwenye kiti chake kunifuata. Sijasikia mwanamke yeyote akilalamikia salamu ya yule mzee. Kwa hiyo mtu akikwambia siku hizi hata kumsalimia mwanamke imekuwa kosa, jua anautetea mkia.

Kwa asiyepajua, Galu ni upande wa kusini wa Diani, kabla hujafika Kinondo, ambako mahoteli yanapungua na ufuo unatulia. Beach Road inakwenda sambamba na bahari. Upande mmoja ni kuta za mahoteli na majumba ya watu wenye pesa zao, upande wa pili ni vibanda, maduka na vijia vya kuingilia vijijini. Kaskazi au kusi ikivuma vizuri, angani utaona yale matiara makubwa ya rangi yakiwavuta Wazungu juu ya maji. Watalii wanapapenda. Na mimi nalipwa, si sana, kuandika kwamba wanapapenda.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokata. Tangu hapo naandika: maelezo ya nyumba za kukodisha, kurasa za mitandaoni za mikahawa, makala za safari zinazotoka kwa majina ya watu wengine. Nyumbani intaneti inasuasua, kwa hiyo naenda mkahawa mmoja wa Beach Road wenye Wi-Fi. Ni dakika 20 kwa mguu. Katika hizo dakika 20 kuna maskani tatu: ya bodaboda, ya vijana wanaosubiri watalii, na ya chini ya mwembe ambayo mpaka leo sijui wanasubiri nini. Kwa bodaboda ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Siku 22 za kazi, shilingi 2,200. Hiyo kwangu ni bando ya mwezi mzima. Watu husema maneno hayavunji mfupa. Labda, lakini yana bei, na hiyo ndiyo bei yake kwa mwezi.

Wanaijua historia yangu pia, manake kijiji ni kidogo. Nisipojibu, inatoka: "Huyu si ndiye chuo kilimshinda? Sasa maringo ya nini?" Mdomo ni uleule uliokuwa ukiniita malkia sasa hivi. Hii ndiyo sehemu ambayo asiyepitia haijui. Kutoka "malkia" hadi "malaya" ni hatua kama nne hivi. Nimezihesabu. Mtu akikupa sifa, ukanyamaza, na ile sifa ikageuka tusi kabla hujafika kwenye nguzo ya stima inayofuata, basi haikuwa sifa. Ilikuwa bili, na amekasirika hujalipa.

Unaweza kuzikwepa maskani zote tatu kwa kupita baharini. Maji yakipwa, mchanga ni mpana na mgumu, unatembea raha mustarehe. Lakini msichana mweusi akiwa peke yake ufuoni ana maswali matatu ya kujibu. La kwanza ni la vijana wa bichi, na hilo tumeshaliona. La pili ni la askari wa hoteli: "Dada, umekuja na nani?" Ufuo ni wa umma, na dada wa Kizungu aliyepita mbele yangu peke yake, kaputula na chupa ya maji, hajaulizwa amekuja na nani. La tatu ndilo linalouma. Mzee wa Kizungu, rika la babu yangu, na Kiswahili chake cha siku mbili: "Jambo. Bei gani?" Nilikuwa na begi la kompyuta begani, natoka kazini. Askari aliyekuwa karibu alisikia, akacheka, akageuka upande wa pili.

Biashara ya mwili ipo Diani, hakuna asiyejua, na wanawake wanaoifanya nao wana haki ya kupita njia bila kuandamwa. Tatizo ni kwamba ukiwa mwanamke wa hapa, na hukuandamana na mtu, umeshawekewa kibandiko cha bei kabla hujafungua mdomo. Kijana wa bichi anakiona, askari anakiona, mgeni anakiona. Ni wewe tu usiyekiona.

Mwaka jana mteja mmoja wa makala za safari aliniomba maneno 800: mwanamke anayesafiri peke yake afanye nini vijana wa bichi wakimwandama. Nikaandika, nikalipwa. Hilo ni jambo ambalo wenye mahoteli wamelipigia kelele miaka mingi, na wana sababu. Mtalii akisumbuliwa ufuoni harudi, asiporudi watu wanakosa kazi. Kwa hiyo kuna polisi wa utalii. Kuna mikutano. Vijana wamesajiliwa katika makundi, wengine wana fulana na vitambulisho. Sina ubaya na lolote kati ya hayo. Ila nilipokuwa nahesabu yale maneno 800 niliona kitu. Vijana ni walewale, mchanga ni uleule, kitenzi ni kilekile: kusumbuliwa. Kwake ni suala la uchumi wa kaunti. Kwangu ni, "Mambo ya vijana hayo dada, wewe puuza tu."

Puuza tu, na uvae vizuri. Hizo ndizo dawa mbili tunazoandikiwa.

Kupuuza nimekupuuza hadi shingo inauma. Kuhusu mavazi, nimefanya utafiti wangu mwenyewe bila ufadhili wa mtu. Suruali ya jinzi, nimeitwa. Dira pana na mtandio, nimeitwa. Baibui jeusi, mchana wa Ramadhani, swaumu imenikaba koo, nimeitwa tena kwa "mashallah" ya kuvutwa. Bibi yangu, ambaye sijawahi kumwona akitoka nje bila baibui, anasema enzi za usichana wake Ukunda walikuwa wakifuatwa vilevile, na waliokuwa wakiwafuata ndio wazee wanaotuhubiria mavazi leo. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna suruali ya kubebeshwa lawama.

Na lawama hiyo ina historia ndefu kuliko maskani zetu. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana kule Tanzania: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, wigi na suruali za kubana marufuku, kwa jina la utamaduni wa taifa. Tarehe yenyewe haijafika, makundi ya wanaume yakawa yameshawavamia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam, na kuwachania nguo. Hebu tulia hapo kidogo. Watu walikuwa wakilinda heshima kwa kumvua mtu nguo sokoni. Februari 2014 Uganda ilipata sheria dhidi ya ponografia, watu wakaibatiza sheria ya mini, na wanawake wakashambuliwa barabarani na wanaume waliojipa kazi ya kuitekeleza.

Mwaka huohuo ikafika kwetu. Novemba 2014 kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke mmoja kwenye steji ya matatu katikati ya Nairobi, eti amevaa vibaya, na kuna mtu alisimama akarekodi video. Nilikuwa darasa la saba. Video ile ilitembea kwenye simu za watu wazima, na sisi watoto tulikuwa tunachungulia. Tarehe 17 wanawake wakaandamana kutoka Uhuru Park hadi kwenye steji ileile, kaulimbiu yao My Dress My Choice, walioitisha ni wanawake wa kundi la Facebook la Kilimani Mums. Wanaume wengine walisimama kando wakiwazomea, na kule mitandaoni wakaanzisha kaulimbiu yao ya kupinga. Nakumbuka mwalimu wetu mmoja wa kiume akisema darasani kwamba kuna makosa pande zote mbili. Nakumbuka pia kwamba wasichana hatukuinua mkono hata mmoja.

Yale maandamano yalizaa kitu. Desemba ile, sheria ya marekebisho ya usalama iliingiza kifungu cha 251A kwenye Kanuni ya Adhabu: ukimvua mtu nguo ili kumdhalilisha, si chini ya miaka 10 jela. Mwaka 2017 mahakama ya Nairobi iliwahukumu wanaume watatu kwa kumvua nguo na kumwibia abiria ndani ya basi huko Githurai mwaka 2014. Walipewa hukumu ya kifo, lakini ukisoma vizuri, kifo kilitokana na wizi wa mabavu. Kisha Machi 2022, waendesha bodaboda kundi zima walimzingira mwanamke ndani ya gari lake Forest Road, Nairobi, wakamdhalilisha, video ikasambaa, na rais akaamuru msako wa nchi nzima. Kwa siku chache hata bodaboda wa hapa Galu walikuwa na adabu ya watu waliotoka Hija. Halafu ikapoa.

Hayo ni matukio makubwa, yenye video. Mimi shida yangu ni ya kila siku na haina video. Nikaenda kuisoma sheria mwenyewe, usiku, kwa bando yangu.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ile aliyoipeleka bungeni Njoki Ndung'u, ina kifungu cha 23 kinachoitwa kwa jina hasa: unyanyasaji wa kingono. Nikafurahi. Nikasoma. Kinamhusu mtu mwenye mamlaka au mwenye ofisi ya umma, anayemwandama mtu kingono akijua hatakiwi. Adhabu si chini ya miaka mitatu, au faini si chini ya shilingi 100,000. Yaani bosi, mwalimu, afisa. Kijana wa chini ya mwembe hana mamlaka yoyote, hilo ndilo analolalamikia tangu asubuhi. Akinishika, kifungu cha 11A kinamngoja, hadi miaka mitano au faini hadi shilingi 50,000. Lakini akinifuata nusu kilomita akinieleza kwa sauti atakavyonifanya, na asinyooshe mkono, kile kifungu chenye jina la unyanyasaji hakimjui.

Sasa panda matatu Ukunda, pita Msambweni, pita Ramisi, shuka Lungalunga, vuka mpaka uingie Horohoro. Lugha ni ileile, muhogo ni uleule, ila sheria si ileile. Kule Tanzania, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, nacho kinataja maneno: anayemsumbua mtu kingono kwa maneno au vitendo amekosa, hadi miaka mitano jela au faini isiyozidi shilingi laki mbili za kwao. Ufaransa wana faini za barabarani tangu 2018. Uingereza walipitisha sheria yao ya kusumbuliwa hadharani mwaka 2023. Sisemi kwamba wanawake wa Tanga wanatembea kama malaika. Sheria haitembei barabarani na wewe. Lakini mwanamke wa Horohoro akifika kituoni kuna neno anaweza kulisema. Mimi nilipofika kituo fulani kuuliza, nilijibiwa kwa swali: "Amekugusa?" Nikasema bado. Afisa akafunga daftari. Lile "bado" nililitoa mimi mwenyewe, na njia nzima nikirudi nilikuwa nalisikia masikioni.

Nina jirani anaendesha bodaboda. Tumesoma chuo pamoja, nasema chuo cha Kurani, si kile kilichonishinda. Ni mtu mzuri, akinibeba usiku hanidai nyongeza. Nikamuuliza siku moja, mbona wenzako wako hivi?

"Dada, tusiposema tutaoa vipi? Mtu aanzie wapi?"

"Baba yako alianzia wapi?"

"Alimtuma shangazi." Akacheka. "Sasa mimi nimtume shangazi kwa msichana nisiyejua hata jina lake?"

"Wewe umeshawahi kumpata msichana kwa kumfanyia ssss?"

"Hapana, hiyo hakuna." Akafikiria. "Unajua, msimu ukiwa chini tunakaa pale tangu asubuhi. Mtu hana hata mia mfukoni. Ukipita, wewe ndiyo sinema. Si kwamba mtu anakutaka. Anataka wenzake wacheke."

"Na nikipita na mjomba, mbona sinema huzimwa?"

Akanyamaza kitambo. "Ah. Mjomba ni mjomba."

Nimelibeba jibu hilo mpaka leo, kwa sababu linaua visingizio vyote kwa mpigo. Tunaambiwa vijana hawajui. Tunaambiwa damu inachemka. Damu gani hiyo inayopoa ghafla akitokea mzee mwenye kanzu na bakora? Wanajua vizuri sana. Wanachojua zaidi ni nani wa kufanyiwa na nani si wa kufanyiwa.

Na wanajua hodi. Kila mmoja pale maskani alifundishwa alivyofundishwa jirani yangu, alivyofundishwa mimi, mkeka mmoja, mwalimu mmoja. Ukifika kwa watu unabisha hodi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hujajibiwa, unarudi ulikotoka, bila kununa. Huchungulii dirishani. Huingii kwa sababu mlango uko wazi. Hata kama umesikia sauti ya redio ndani na unajua wapo, unarudi, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutotaka mgeni leo. Hatua chache kutoka Galu kuna Kaya Kinondo, msitu wa wazee wetu, ambao mwaka 2008 uliingia kwenye orodha ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Huingii kaya kiholela. Unafungwa kaniki kiunoni, unaambiwa usibusiane humo ndani, usitoke hata na jani. Wazungu wanatii, Wanairobi wanatii. Hakuna anayeuliza, sasa tutauonaje msitu tukifuata masharti yote haya?

Kwa hiyo swali la mtu aanzie wapi lina jibu, na tulilipata tukiwa watoto. Siku moja kwenye matatu ya Likoni, kijana aliyekaa kando yangu aliniambia, "Samahani, naweza kukuongelesha?" Nilikuwa nimechoka. Nikasema hapana, samahani. Akasema, "Haya, hakuna neno," akarudi kwenye simu yake, na mpaka kivukoni hakunigusa hata na goti. Sura yake nimeisahau. Lakini nawasimulia watu habari zake, kama unavyosimulia kuhusu mtu aliyerudisha pochi.

Mwezi wa pili mama mdogo aliitisha kikao. Binti yake yuko kidato cha tatu, na jioni anakwenda tusheni ya hesabu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amemfuata na pikipiki jioni tatu. Jioni ya tatu alimzibia njia na tairi la mbele. Binti alikaa na siri hiyo wiki nzima. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kama mtu mzima: "Kwa sababu najua mtakachoamua."

Na ndicho kilichoamuliwa. "Tusheni basi," mama mdogo akasema. "Atasoma hapahapa." Hakusema kwa ukatili, mikono ilikuwa inamtetemeka. Lakini angalia hesabu yake ilivyokaa: kijana amezuia njia, msichana anatolewa masomo.

Mjomba alikuwepo. Kwetu Wadigo mjomba ni mtu mzito. Zamani hata urithi ulipita upande wa mama, na heshima ile haijaisha. Akasema, "Tusheni aende. Nitaongea nao." Na kweli, baada ya Alasiri alikwenda maskani, akakaa nao kwenye gogo, hakupaza sauti. Kuanzia kesho yake binti akipita, wote wanasoma simu zao kama wana mtihani. Mimi pia nikafaidika. Wiki mbili nilitembea hadi mkahawani kwa mguu bila kusikia hata "ssss" moja, na mfukoni nikabaki na mia kila siku.

Halafu jioni moja, tunakula, binti akasema, "Sasa anamfuata mwenzangu."

Huyo mwenzake ni jirani. Mama yake ametoka bara, anafanya kazi baa, anarudi usiku. Wanasoma tusheni moja.

Mjomba akasema, "Huyo ana watu wake."

Binti akasema, "Hapa hana, mjomba."

Sijawahi kumwona mjomba akikosa la kusema. Aliendelea kula, lakini taratibu, na mimi nilielewa kwamba tulichokipata kwa zile wiki mbili hakikuwa usalama. Ilikuwa ni kutiwa alama, kama mbuzi wa mwenyewe. Kijana hakuacha kuwasumbua wasichana. Aliacha kumsumbua mpwa wa mtu.

Tulichofanya si kikubwa. Mimi na mama wa yule msichana tulikwenda kwa mwenyekiti wa steji ya bodaboda, mjomba akatufuata, safari hii akakaa nyuma. Mama yule aliongea mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha bara, akitaja siku na saa. Kijana alivuliwa fulana ya steji wiki mbili. Jirani yangu, yule wa chuo, ananiambia yeye pia alimwambia mwenzake palepale maskani, "Mtoto wa shule huyo, muache." Wenzake wakamcheka, na tangu siku hiyo wanamwita imamu. Amenuna kidogo. Nikamwambia jina hilo si baya. Msomaji mwanamume, kama umefika hapa na unauliza wewe ufanye nini, basi ni hicho: kubali kuitwa imamu. Mwenzako anakusikiliza wewe kuliko anavyonisikiliza mimi, na wewe hugharimiki shilingi 2,200 kwa mwezi.

Hatukungoja maimamu waongezeke, lakini. Familia tatu tumechanga tuktuk: wasichana wanne, saa kumi na mbili unusu jioni, mlangoni kwa mwalimu hadi mlangoni kwetu. Mwezi huu zamu ya kulipa ni yangu. Binti hafurahii tuktuk. Anasema inanuka petroli na wenzake wanapiga kelele. Ananiambia akishamaliza mtihani wa kidato cha nne anataka kuitembea ile njia kwa mguu, jioni, polepole, na spika za simu masikioni, zote mbili, si moja kama tunavyofanya siku zote ili sikio la pili lisikilize nyuma.

Nikamwambia siku hiyo tutakwenda wote wawili.

Akasema hapana, anataka kwenda peke yake.